Tabibu wa Nafsi Kutoka Balkh

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akilalamika kwamba kichwa chamwuma, tumbo lamsokota na usingizi umemhama. Alikuwa amekwisha kupimwa damu mara tatu, na kila mara akaambiwa kwamba hana ugonjwa. Nilipomdadisi, niligundua kuwa alikuwa amefiwa na mamaye mwanzoni mwa muhula, na hapakuwa na mtu aliyemwuliza habari hiyo. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa isimu. Hata hivyo, siku ile nilimkumbuka mtu aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambaye nadhani angalimwelewa kijana yule kuliko wengi wetu.

Mtu huyo ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi. Alizaliwa yapata mwaka 850 katika kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Balkh, ambao leo umo kaskazini mwa Afghanistan. Babake alikuwa mwalimu wa watoto, na yeye mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hiyo. Angali kijana alifunga safari hadi Iraki, akakaa huko miaka 8 akisoma falsafa, unajimu, tiba na elimu ya dini. Miongoni mwa walimu wake hutajwa al-Kindi, mwanafalsafa mashuhuri wa Waarabu. Kisha alirejea kwao, akaandika vitabu vingi. Wanahistoria wengi humjua zaidi kwa jiografia, kwani wachoraji wa ramani waliomfuata hutambulishwa hadi leo kwa jina la mji wake.

Wasimulizi wanamweleza kuwa mtu mkimya, asiyependa makuu. Inasemekana kwamba alipotakiwa na mtawala wa Balkh awe waziri, alikataa, akaridhika na ukatibu. Aidha, inasimuliwa kwamba aliwahi kuitwa Bukhara na mkuu wa Khurasan. Alipofika kwenye mto Jayhun, ambao leo huitwa Amu Darya, na kuyaona mawimbi yake, alimwandikia mkuu huyo kwamba mwenye hekima hawezi kuuvuka mto kama ule, kisha akageuka na kurudi nyumbani. Ikiwa kisa hiki ni kweli, basi mtu aliyetufundisha kuitibu hofu aliijua yeye mwenyewe, wala hakuona haya kuikiri.

Kitabu chake ninachokienzi ni kile kinachohusu maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza inaeleza afya ya mwili: makao, hewa, maji, chakula, usingizi, mazoezi, kuoga, hata kusikiliza muziki. Sehemu ya pili, yenye sura 8, inahusu nafsi. Hoja yake kuu ni kwamba binadamu ni mwili na nafsi kwa pamoja. Mwili ukiugua, akili hudhoofika na raha hupungua. Nafsi ikiumia, mwili nao hukosa ladha ya maisha na hatimaye huweza kuugua. Hivyo aliwalaumu matabibu walioushughulikia mwili na kuisahau nafsi.

Msomaji atashangaa kusikia kwamba maradhi makuu ya nafsi aliyoyaeleza mwanachuoni huyu tunayataja kila siku katika Kiswahili: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Maneno haya manne, na nafsi yenyewe, yalitufikia kutoka katika Kiarabu, lugha aliyoiandikia. Tuliyapokea majina ya maradhi. Dawa zake hatukuzipokea.

Dawa zenyewe ni zipi? Kuhusu huzuni, alitofautisha aina mbili. Kuna ile yenye sababu inayojulikana, kama vile kufiwa au kupoteza mali. Hii huhitaji mazungumzo na fikra za kumtuliza mtu. Kuna nyingine isiyo na sababu inayoonekana, ambayo aliamini kwamba chanzo chake kimo katika damu. Hii huhitaji pia kutibiwa mwili. Leo hatukubaliani naye kuhusu damu, lakini utengano huo wa aina mbili madaktari wa akili waliujadili kwa kina katika karne ya 20. Kuhusu hofu, alishauri kwamba anayetishwa na sauti au sura fulani aizoee kidogo kidogo. Hali kadhalika, alifundisha kwamba nafsi hutibiwa kutoka nje, kwa nasaha za mtu mwingine, na kutoka ndani, kwa fikra njema ambazo mtu hujiwekea akiba wakati wa utulivu, kama vile watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Al-Balkhi alifariki mwaka 934. Kitabu hicho kilikaa karne nyingi bila kushughulikiwa sana. Nakala yake ya mkono ilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul, na mwaka 1984 picha za kurasa zake zilichapishwa Frankfurt. Baadaye Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, aliitafsiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza.

Funzo gani lililo kubwa kwetu Wakenya? Alisema kwamba mtu huweza kuishi muda mrefu bila maradhi ya mwili, lakini maumivu ya nafsi hayamwachi yeyote. Kwa hiyo si aibu, wala si laana, wala si hatia. Sisi tulikuwa na sheria iliyomhesabu kuwa mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa kinyume cha katiba mnamo Januari 2025. Yaani mgonjwa wa huzuni aliweza kutolewa hospitalini na kupelekwa kizimbani.

Sheria imetamkwa, lakini mioyo yetu bado. Yule mwanafunzi tuliketi tukazungumza juu ya mamake hadi jioni, kisha nikamsindikiza kwa mshauri nasaha. Alipoanza kulala usingizi ndipo kichwa nacho kilipomwachia. Anayemwona mwenzake akiugua, na ampeleke apimwe damu; lakini kwanza na amwulize habari za nyumbani, kisha anyamaze amsikilize.