Ronnie Sox, Bwana Gia Nne

Mbio za magari za robo maili, yaani mita 402, aghalabu huamuliwa pale pale zinapoanzia. Magari mawili husimama sambamba, taa za manjano huwaka, hufuatwa na ya kijani, na baada ya sekunde kumi hivi mshindi amejulikana. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960, aliyesifika kuliko wote kwa kuling'oa gari la gia za mkono kutoka mstarini alikuwa Ronnie Sox. Mashabiki walimpa lakabu ya Bwana Gia Nne.

Sox, aliyezaliwa mwaka wa 1938, alikuwa mwenyeji wa Burlington, jimbo la North Carolina. Mwaka wa 1963 aliungana na Buddy Martin, ambaye hapo awali alikuwa mpinzani wake. Martin alishika biashara, Sox akashika usukani. Walianza na Chevrolet, lakini General Motors ilipojitoa mashindanoni mwaka huo huo, wakahamia Mercury. Mapema mwaka wa 1964 Sox alishinda kitengo chake huko Pomona, California, na mwaka uliofuata wakajiunga na Plymouth, kampuni ambayo jina lao halikutengana nayo tena.

Yeyote aliyewahi kuzimikiwa na gari mlimani anajua ugumu wa klachi. Basi na afikirie injini ya lita saba inayonguruma kwa kasi huku gari limesimama. Ukiachia klachi yote kwa ghafla, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na kufuka moshi. Ukiiachia polepole mno, injini inalegea au klachi inaungua, na mwenzako amekwisha kukupita. Ukiondoka kabla ya taa ya kijani, umeshindwa papo hapo. Sox alikuwa na mguu wa kushoto uliojua kadiri ya katikati, na kadiri hiyo hubadilika kulingana na lami, joto na tairi za siku hiyo.

Kisha kulikuwa na mkono wa kulia. Mara tatu ilimbidi kubadilisha gia, naye hakuondoa mguu kwenye mafuta. Kukosea mara moja tu kungeweza kuivunja injini. Magari ya otomatiki yalikuwa yamewaondolea madereva wengi mashaka hayo, na hapo ndipo inapoonekana, kwa maoni yangu, thamani ya mtu huyu: aliyashinda kwa kifaa kilichodhaniwa kuwa hasara.

Plymouth ilitambua hilo. Iliwatuma Sox na Martin katika maduka ya magari yake kuwafunza wateja namna ya kutengeneza injini na kuendesha.

Kitengo cha Pro Stock kilipoanzishwa mwaka wa 1970, fainali ya kwanza ilimpeleka Sox dhidi ya Bill Jenkins wa Chevrolet, na Jenkins akashinda. Kabla ya mwaka kwisha Sox alikuwa ameanza kulipiza, na mwaka wa 1971 gari lake la rangi nyekundu, nyeupe na buluu lilitawala mashindano makuu.

Utawala huo haukudumu. Mwaka wa 1972 chama cha NHRA kilibadili kanuni za uzito, na magari madogo yenye injini ndogo yakapewa nafuu kubwa. Muda si muda zikaja pia giabox zisizohitaji klachi baada ya gari kuondoka. Ustadi wa mkono uliomtofautisha na wengine ukawa hauna soko. Katikati ya mwongo huo timu ikavunjika.

Hata hivyo, Sox hakustaafu. Mwaka wa 1981, kwa mitambo hiyo hiyo mipya, alitwaa ubingwa wa Pro Stock wa chama cha IHRA. Mkono ulikuwa umepunguziwa kazi, lakini mguu wa kushoto bado ulihitajika taa ilipogeuka kijani.

Alifariki Aprili 2006 kutokana na saratani ya tezi-dume, akiwa na umri wa miaka 67.