Mfaransa aliyezima kelele za jikoni

UKIINGIA hoteli yoyote ya mtaani saa saba mchana, utamsikia weita akiitisha chapati mbili na ndengu kwa sauti kupitia dirisha la jikoni. Hapo hakuna siri. Kila mteja anajua jirani yake anakula nini.

Kwenye hoteli kubwa kazi hiyo ina mwenyewe. Anasimama katikati ya wapishi na maweita, na wala hapiki. Anapokea karatasi ya oda, anawatangazia wapishi, anasema nani aanze sasa na nani angoje kidogo, ili chakula cha meza ya watu wanne kitoke pamoja kikiwa moto. Sahani ikija imechafuka ukingoni anaipanguza. Nyama ikiwa imeungua anairudisha. Wafaransa humwita aboyeur, yaani mbwekaji, na zamani alikuwa anabweka kwelikweli. Aliyemwambia apunguze sauti ni Auguste Escoffier.

Escoffier alizaliwa Oktoba 28, 1846, katika kijiji cha Villeneuve-Loubet karibu na Nice, kusini mwa Ufaransa. Babake alikuwa mhunzi. Kijana mwenyewe alitaka kuchonga sanamu, lakini nyumbani ndoto hiyo haikupewa nafasi. Akiwa na miaka 13 hivi alipelekwa Nice kufanya kazi katika mkahawa wa ndugu ya babake. Alikuwa mfupi, joto la jiko likimpiga usoni, kwa hivyo alivaa viatu vya visigino virefu. (Ndiyo, mwanamume, na jikoni.)

Jikoni za enzi hizo zilikuwa balaa. Makaa, moshi, jasho, matusi, na wapishi waliokunywa pombe siku nzima kwa sababu ya joto. Mwanafunzi akikosea, kofi. Escoffier alipitia hayo yote na hakuyasahau.

Mwaka 1865 alienda Paris kupika katika mkahawa wa Le Petit Moulin Rouge. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka 1870, aliitwa jeshini kama mpishi. Jeshi lao lilizingirwa mjini Metz, chakula kikaisha, akalazimika kupika nyama ya farasi. Nafikiri huko ndiko alikojifunza kwamba kikosi bila mpangilio hakiendi popote, hata kikiwa na watu hodari.

Bahati yake ilikuja alipokutana na César Ritz, Mswisi aliyejua kuendesha hoteli kuliko mtu yeyote. Mwaka 1890 wawili hao walichukua Savoy, hoteli ya kifahari jijini London, na hapo Escoffier akapanga jikoni upya. Kila mpishi akapewa sehemu yake: huyu michuzi, huyu nyama za kuchoma, yule samaki, mwingine vitu vitamu. Chukua mayai ya Meyerbeer, chakula cha mayai, figo ya kondoo na mchuzi wa uyoga ghali uitwao truffle. Mpishi mmoja akiyaandaa peke yake yalimchukua kama dakika 15. Savoy, mmoja alikaanga mayai, wa pili akachoma figo, wa tatu akashika mchuzi, na baada ya dakika chache sahani ilikuwa imetoka.

Lakini fikiria hapo. Watu watatu, sahani moja. Figo ikichelewa, mayai yanapoa. Bila mtu wa kuwaunganisha, mpango wote unakwama, na ndiyo maana mbwekaji akawa kiungo muhimu. Escoffier alimbadilishia hata cheo, akamwita mtangazaji, na kumtaka aseme kwa sauti ya chini iwezekanavyo. Matusi marufuku. Pombe marufuku, badala yake kulikuwa na kinywaji cha shayiri cha kukata kiu. Yeye mwenyewe akihisi hasira zinapanda alitoka nje mpaka zipoe.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Mwaka 1898 yeye na Ritz walifutwa Savoy. Uchunguzi ulionyesha pombe ya maelfu ya pauni ilikuwa imepotea, na baadaye Escoffier alikiri kwa maandishi kwamba alipokea kamisheni kutoka kwa waliouzia hoteli vyakula. Kwa lugha yetu, kitu kidogo. Alilipa pauni 500, na habari hizo zikafichwa kwa miongo mingi. Mtu aliyesimamia kila sahani inayotoka mlango wa mbele alikuwa na mlango wake wa nyuma.

Haikumwangusha. Mwaka huohuo Ritz alifungua hoteli yake Paris na Escoffier akapanga jikoni yake, kisha wakahamia Carlton, London, alikokaa mpaka karibu 1920. Kitabu chake kikubwa cha mapishi, Le Guide Culinaire, kilitoka 1903 na bado wanafunzi wa upishi wanakisoma.

Muda mwingi wa miaka ya London, mkewe Delphine aliishi mbali naye, Monte Carlo. Escoffier alirudi huko alipostaafu. Delphine alifariki mwanzoni mwa Februari 1935, na siku chache baadaye, Februari 12, akamfuata akiwa na miaka 88. Alizikwa kijijini kwao, na nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho ya upishi.