Galvin alifilisika mara mbili kabla ya kutia redio ndani ya gari

DEREVA anayebonyeza kitufe cha redio akiwa njiani kuelekea sokoni ni nadra kufikiria kwamba kifaa hicho kiliwahi kugharimu takriban robo ya bei ya gari zima. Aidha, ili kukifunga ilibidi gari lilale gereji kwa siku kadhaa, dashibodi ikafunguliwa, dari ikashuliwa na sakafu ikatobolewa.

Aliyeifanya redio ya gari kuwa bidhaa ya watu wa kawaida ni Paul Galvin wa Marekani, mwasisi wa kampuni ya Motorola. Wengi wanalijua jina hilo kutokana na simu za mkononi. Ni wachache wanaojua kwamba lilibuniwa kwa ajili ya magari, na kwamba mwenyewe alikuwa amefunga biashara mbili za betri kabla ya kufika hapo.

Galvin alizaliwa Juni 29, 1895, katika mji mdogo wa Harvard, jimbo la Illinois, eneo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Reli ilipita mjini humo, na treni ziliposimama abiria walikuwa na njaa. Akiwa mvulana alianza kuwauzia bisi. Biashara ilinoga, wavulana wengine wakaiona, na punde wauzaji wakawa wengi kuliko walivyohitaji abiria. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kuhusu ushindani.

Alisoma Chuo Kikuu cha Illinois kwa miaka miwili hivi, akaacha, kisha akapelekwa Ufaransa kama ofisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporejea aliingia katika biashara ya betri. Wakati huo magari yalikuwa yakiongezeka kwa kasi na redio za nyumbani zilikuwa zimeanza kushika. Vyote viwili vilitumia betri, na ilionekana kama mtu hawezi kukosea.

Mnamo 1921 yeye na rafiki yake, Edward Stewart, walianzisha kiwanda cha betri huko Marshfield, jimbo la Wisconsin. Miaka miwili baadaye kilifungwa na serikali kwa deni la ushuru. Inasimuliwa kwamba washirika hao hawakuruhusiwa hata kuingia ndani kuchukua makoti yao.

Galvin akarudi kuajiriwa katika kampuni ya peremende jijini Chicago. Mwaka wa 1926 Stewart alimwita tena, wakajaribu betri kwa mara ya pili, safari hii Chicago kwenyewe. Biashara hiyo nayo ikaanguka mnamo 1928.

Hata hivyo, katika mabaki yake kulikuwa na kitu kimoja chenye thamani. Kilikuwa kifaa kilichowezesha redio iliyotengenezwa kwa ajili ya betri kutumia umeme wa nyumbani. Mali ya kampuni ilipopigwa mnada, Galvin alijitokeza na kununua sehemu hiyo kwa dola 750.

Septemba 25, 1928, yeye na ndugu yake Joseph walisajili kampuni ya Galvin Manufacturing katika chumba cha kukodi, barabara ya Harrison jijini Chicago. Walikuwa na wafanyakazi watano na pesa taslimu dola 565. Mishahara ya wiki ya kwanza ilikuwa dola 63. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kufungua duka kwa mkopo anaweza kupiga hesabu ya wiki ambazo fedha hizo zingetosha.

Kifaa chenyewe hakikuwa na maisha marefu. Viwanda vya redio vilikuwa vimeanza kutengeneza redio zinazotumia umeme moja kwa moja, na mteja wa redio mpya hakuhitaji tena kitu cha kuziba pengo. Galvin akageukia kuunda redio za nyumbani ambazo wafanyabiashara wengine waliziuza kwa majina yao. Kisha Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, na walionunua kwake wakakwama na mali ambayo hakuna aliyeitaka.

Ndipo akafikiria redio ya gari.

Hakuwa wa kwanza. Tangu mapema miaka ya 1920 kulikuwa na watu waliobeba redio ndani ya magari, na mafundi wachache wa mijini waliwafungia matajiri kwa bei ya juu. Kilichokosekana ni redio ambayo mtu wa mshahara wa wastani angeweza kuinunua, na ambayo ingesikika injini ikiwa inanguruma.

Hili la pili ndilo lililokuwa gumu zaidi. Kila plagi inapotoa cheche hutoa pia mawimbi yanayoingia kwenye redio kama mikwaruzo. Dainamo nayo huongeza mlio wake. Redio iliyoimba vizuri gari likiwa limesimama iligeuka kelele tupu mara injini ilipowashwa.

Kazi hiyo aliifanya pamoja na vijana wawili, William Lear na Elmer Wavering. Dawa ilipatikana kwa kutia rezista kwenye nyaya za plagi na kapasita kwenye dainamo, kisha kuifungia redio yenyewe ndani ya sanduku la chuma. Rezista na kapasita zingali zikitumika kuzuia mikwaruzo kwenye magari hadi sasa.

Juni 1930 watengenezaji wa redio walikuwa na mkutano wao mjini Atlantic City, pwani ya mashariki. Galvin hakuwa na kibanda cha maonyesho. Redio ilimalizika kufungwa kwenye gari lake aina ya Studebaker muda mfupi tu kabla ya safari. Yeye na mkewe, Lillian, wakaendesha zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Chicago, wakaegesha nje ya ukumbi na kuiwasha kwa sauti ya juu. Wauzaji waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza, na baadhi yao wakaagiza.

Aliiita redio hiyo Motorola, kwa kuunganisha neno motor na mwisho wa ola, uliozoeleka kwenye majina ya gramafoni za enzi hizo kama Victrola. Iliuzwa kati ya dola 110 na 130. Ford ya bei ya chini mwaka huo ilipatikana kwa dola 435.

Hata hivyo, kuuza redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Kuifunga ndiko kulikomtoa jasho mnunuzi.

Betri ya gari ilikuwa ya volti sita na ilitosha tu kupasha moto valvu za redio. Umeme wa nguvu zaidi ulitoka kwa betri kavu kadhaa, kila moja ya volti 45, zilizohitaji sanduku lao chini ya sakafu. Kwa hivyo mbao za sakafu zilitobolewa. Redio ilifungwa chini ya dashibodi au kwenye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, na spika ikatafutiwa mahali pake. Swichi za kuwasha na kutafuta stesheni ziliwekwa karibu na usukani, zikiunganishwa na redio kwa nyaya zinazopindika.

Antena ilifichwa juu. Magari mengi ya wakati huo hayakuwa na paa la chuma tupu, kwani sehemu ya katikati ilikuwa ya kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Fundi alishusha kitambaa cha dari, akatandaza wavu wa nyaya za shaba, kisha akashona upya. Mafundi wawili wangeweza kutumia siku kadhaa kwa gari moja, na mwenye gari akaondoka na redio, na pengine na dari iliyokunjamana pia.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba Galvin alipokwenda kuomba mkopo, aliwatuma watu wake wafunge redio kwenye gari la mwenye benki, aina ya Packard, ili kumvutia. Nusu saa baada ya kazi kukamilika gari likashika moto. Mkopo haukutoka.

Pia kulikuwa na upinzani wa aina nyingine. Katika jimbo la Massachusetts na mji wa St. Louis kulitolewa mapendekezo ya sheria ya kupiga marufuku redio ndani ya magari, kwa hoja kwamba muziki ungemfanya dereva asahau barabara au asinzie.

Mambo yaliyobadilisha biashara yalikuwa mawili. Kwanza, miaka michache baadaye kulipatikana kifaa kidogo kilichoitwa vaibreta, kilichopandisha umeme wa betri ya gari hadi kiwango kinachohitajika na redio. Betri kavu zikaondolewa na sakafu ikaachwa salama.

La pili halikuwa la kiufundi. Mnamo 1934 Galvin alikubaliana na kampuni ya magurudumu ya B.F. Goodrich redio ziuzwe na kufungwa katika maduka yake. Mwenye gari aliyekuja kubadilisha gurudumu angeondoka na redio siku hiyo hiyo. Bei, pamoja na kufungiwa, ilikuwa imeshuka hadi dola 55. Mteja hakulazimika tena kununua huku, kisha atafute fundi kule, halafu abishane na wote wawili redio ikikataa kuimba.

Kampuni ilianza pia kuuza swichi na vibao vya mbele vilivyoumbwa kufanana na dashibodi ya kila aina ya gari, kwa rangi na umbo, ili redio ionekane kana kwamba ilitoka nayo kiwandani. Magari yenye paa la chuma tupu yalipoingia kuanzia modeli za 1935, antena ikahamishwa kutoka darini hadi chini ya vikanyagio vya mlangoni, na baadaye ikawa fimbo ya nje.

Kuanzia 1936 Motorola iliuza redio za magari ya polisi. Wakati wa Vita vya Pili ilitengeneza redio za kubeba mkononi na mgongoni zilizotumiwa na wanajeshi wa Marekani. Mnamo 1947 kampuni ilibadilisha jina rasmi na kuwa Motorola. Mwaka huo huo ilianza mpango wa kugawana faida na wafanyakazi, jambo ambalo pengine linaeleweka kwa mtu aliyewahi kufungiwa nje ya kiwanda chake.

Miaka ya vita ilikuwa ya majonzi nyumbani kwake. Oktoba 1942 mkewe Lillian aliuawa pamoja na mfanyakazi wao wa nyumbani huko Evanston, karibu na Chicago. Joseph, ndugu aliyeanza naye kwa dola 565, alifariki mnamo 1944. Galvin alioa tena 1945.

Mwanawe Robert alichukua urais wa kampuni 1956. Galvin alifariki Novemba 5, 1959, akiwa na umri wa miaka 64. Miaka sita baadaye Lear, ambaye sasa alikuwa mtengenezaji wa ndege ndogo, alileta kaseti kubwa za muziki zenye njia nane za sauti, na Ford ikaziweka kwenye magari yake ya modeli ya 1966. Mashine za kuzicheza zilitengenezwa na Motorola.

Redio za wakati wa Galvin sasa zinatafutwa na watu wanaofufua magari ya kale, na fundi anayepewa kazi hiyo hukutana na maswali yale yale ya 1930. Kuna wenye magari wanaotaka redio ya zamani iimbe tena. Hao huambiwa wasiiwashe moja kwa moja baada ya kukaa miongo kadhaa kimya, kwa sababu kapasita za karatasi zilizochakaa huweza kuunguza transfoma. Hubadilishwa kwanza, na ncha za vaibreta husafishwa au yote ikaondolewa na kuwekwa ya kisasa.

Wengine hubakiza uso wa redio na swichi zake, kisha huficha redio mpya ndani ya sanduku lile lile na spika chini ya viti. Hapo umeme ndio mtego. Ford za kuanzia 1928 hadi 1955 zilikuwa za volti sita, na upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Chevrolet za wakati huo pia zilikuwa za volti sita, lakini zilifunga upande hasi. Redio za kisasa zinahitaji volti 12 na upande hasi kwenye bodi, hivyo ikishikanishwa na bodi ya Ford ya zamani bila kifaa cha kubadilisha umeme, itaungua mara tu swichi inapobonyezwa.

Kukata dashibodi ili kutia redio kubwa hushusha thamani ya gari, na bati lililokatwa ni ghali kulirejesha. Kwa hivyo kazi nyingi hufanywa mahali pasipoonekana, ambako ndiko saa za fundi huishia na ndiko bili hupanda.

Dari ikishushwa ili kitambaa kibadilishwe, wakati mwingine hupatikana wavu wa shaba ulioshonwa ndani na waya wake ukiteremka kwenye nguzo ya mlango. Wavu huo si takataka. Ukipimwa na kuonekana haujagusana na bodi, unaweza kuunganishwa tena na redio ukafanya kazi ya antena.