MAISHA YA JEMADARI STILICHO

Katika somo la historia tunafundishwa kuwa Dola ya Kirumi ya Magharibi ilikoma mwaka 476, Odoacer alipomwuzulu Kaisari Romulus Augustulus, aliyekuwa bado mtoto. Mwaka huo ni mwepesi kukariri, na watunga mitihani huupenda. Lakini mimi naona kuwa jambo lililotukia miaka 68 kabla ya hapo liliidhuru dola ile zaidi, nalo ni kuuawa kwa jemadari Stilicho kwa amri ya Kaisari yule yule aliyemlinda tangu utotoni.

Stilicho alizaliwa karibu na mwaka 360. Mama yake alikuwa Mrumi. Baba yake alikuwa Mvandali, askari wa farasi katika jeshi la Kaisari Valens. Wavandali walikuwa mojawapo ya makabila ya Kijerumani ya kale yaliyokaa ng'ambo ya mipaka ya dola, ambayo Warumi waliyaita yote kwa jumla ya washenzi. Wala si ajabu kumwona mtu wa nasaba hiyo jeshini, kwani Warumi wengi walikuwa wameichoka kazi ya uaskari, na vikosi vyao vilijaa Wagothi na Wafranki.

Alipokuwa bado kijana alipelekwa Uajemi kufanya mapatano ya amani kwa niaba ya Kaisari Theodosius. Theodosius alimpenda, akamwoza Serena, binti wa ndugu yake, ambaye alimlea kama mwanawe. Mwaka 394, katika vita vya mto Frigidus, Stilicho alikuwa mmoja wa majemadari wake. Upande huo huo alikuwapo Mgothi mmoja jina lake Alaric, akiwaongoza watu wa kabila lake. Msomaji alishike jina hili.

Januari 395 Theodosius alifariki. Mwanawe Arcadius akapata Mashariki, makao yake Constantinople, mji ambao leo huitwa Istanbul. Na Honorius, mtoto wa miaka 10, akapata Magharibi chini ya ulezi wa Stilicho. Stilicho alidai kuwa marehemu alimwusia watoto wote wawili. Wakubwa wa Constantinople hawakukubali, na mwaka 397 walimtangaza kuwa adui wa dola. Kwa maoni yangu hapa ndipo alipopotewa na shabaha, kwa kuwa ugomvi huo ulimchukulia miaka na askari aliowahitaji kwingine. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Alaric, aliyeona hakulipwa haki yake, aliitembeza Ugiriki kwa moto, na mara mbili Stilicho alimfuata huko akarudi bila kummaliza.

Mwaka huo huo Gildo, liwali wa Afrika ya Kaskazini, alizuia nafaka isiende Roma. Mji ule ulikula ngano ya nchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria. Stilicho aliagiza nafaka kutoka Gaul na Hispania ili watu wasife njaa, kisha mwaka 398 akampeleka Mascezel, nduguye Gildo, ambaye watoto wake walikuwa wameuawa na Gildo huyo huyo. Vita havikuchukua muda mrefu.

Mwaka 401 Alaric aliingia Italia. Stilicho alivuka milima ya Alps wakati wa baridi kutafuta askari, na siku ya Pasaka mwaka 402 akawashambulia Wagothi huko Pollentia, akaiteka kambi yao. Mwaka 406 alimzingira Radagaisus katika vilima vya Fiesole, karibu na Florence, mpaka njaa ikamshinda. Na wapiganaji wake hodari wapatao 12,000 akawaandika katika jeshi la Roma.

Lakini askari waliokuja kuiokoa Italia walikuwa wametolewa mipakani. Usiku wa kuamkia mwaka 407 Wavandali, Waalani na Wasuebi waliuvuka mto Rhine wakaingia Gaul, ambayo leo ni Ufaransa. Jeshi la Uingereza nalo likajifanyia Kaisari wake, Constantine. Alaric akadai ratili 4,000 za dhahabu. Stilicho aliwashauri wakubwa wa Baraza la Roma walipe, ili Alaric atumiwe kumpiga Constantine. Walilipa, ila kwa kinyongo, na wakaanza kunong'ona kuwa damu ya Kivandali imemvuta.

Mei 408 Arcadius alifariki. Hapo Olympius, mtu ambaye Stilicho mwenyewe alimpandisha cheo, akaeneza uvumi kuwa mlezi anataka kumtawaza mwanawe, Eucherius, huko Constantinople. Sisi tukaao bwenini tunajua jinsi uvumi unavyofika mbali kabla haujaulizwa ushahidi. Tarehe 13 Agosti askari waliasi mjini Ticinum, wakawaua rafiki zake. Wanajeshi wa Kijerumani aliokuwa nao walitaka kupigana. Yeye hakukubali Warumi wapigwe na washenzi. Alikwenda Ravenna, akakimbilia kanisani. Askari waliapa mbele ya askofu kuwa wametumwa kumkamata tu. Alipotoka, ikasomwa barua ya pili yenye hukumu ya kifo. Watumishi wake wakashika silaha. Akawazuia, akatoa shingo yake. Ilikuwa tarehe 22 Agosti.

Kisha katika miji ya Italia Warumi waliwaua wake na watoto wa askari wa Kijerumani waliokuwa wakiwatumikia. Inasimuliwa kuwa waume 30,000 walimwendea Alaric. Eucherius aliuawa, na Serena akanyongwa Roma. Tarehe 24 Agosti 410 Alaric aliingia Roma, mji ambao haukuwa umetekwa na adui wa nje kwa miaka kama 800, akauteka nyara siku tatu, akaondoka na Galla Placidia, dada yake Kaisari.

Honorius alikuwa salama Ravenna, nyuma ya vinamasi. Alitawala miaka 13 mingine, akafa kwa maradhi mwaka 423.