Tsiolkovsky: Mwalimu asiyesikia aliyewatafutia wanaanga uzito

Mchimbaji wa Nyarugusu au Kakola anajua kwamba karasha likizungushwa kasi kupita kiasi halisagi mawe. Gololi hung'ang'ania ukuta wa pipa badala ya kuanguka. Kanuni hiyohiyo ndiyo aliyoitegemea Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alipotafuta namna ya kumpa binadamu uzito akiwa angani, mahali ambako kila kitu huelea.

Alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Izhevskoye. Akiwa na miaka 10 hivi aliugua homa ya vipele vyekundu, inayoletwa na bakteria wa koo. Alipona, lakini akapoteza sehemu kubwa ya usikivu. Miaka michache baadaye mama yake alifariki dunia. Shuleni hakuweza kufuata masomo, hivyo akajifundisha mwenyewe. Akiwa na miaka 16 alikwenda Moscow, akawa anashinda maktaba na kula mkate mtupu ili fedha zibaki za kununulia vitabu na vifaa.

Baadaye akawa mwalimu Borovsk, kisha Kaluga, akisikiliza kwa mirija ya bati aliyoitengeneza mwenyewe. Aliwahi kuzungusha wadudu na vifaranga kwenye mashine ili aone kama wangestahimili uzito ulioongezeka. Mwaka 1903 alichapisha hesabu za safari ya roketi, na katika maandishi yake alipendekeza makazi ya angani yanayozunguka ili watu wakanyage sakafu kama duniani. Alifariki mwaka 1935, miaka 26 kabla ya binadamu wa kwanza kufika angani.

Leo tunajua alichokigusa. Mfupa usiobeba uzito hudhoofika. Mwanaanga hupoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na mgonjwa anayelala kitandani muda mrefu naye hudhoofika mifupa na misuli. Ndiyo maana muuguzi humhimiza ainuke mapema anaporuhusiwa.

Kuunda chombo hicho si kazi ndogo. Kikizunguka mara 2 kwa dakika, wanaanga watapata uzito kamili wa duniani wakiwa mita 224 kutoka katikati. Kikiwa kidogo, lazima kizunguke haraka zaidi, na hapo sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, huchanganyikiwa na kuleta kizunguzungu na kutapika.

Mzazi, bakteria waliomwathiri Tsiolkovsky leo wanatibika kwa antibayotiki. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati mapema, na akiandikiwa dawa amalize dozi, maana bakteria hao wanaweza pia kudhuru moyo.

Nawe unayefanya kazi karashani, ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja akusikie, kelele hiyo imezidi. Vaa vizuia kelele masikioni na upumzike mbali na mashine. Usikivu ulioharibiwa na kelele kwa miaka haurudi.