Grace Ogot: Binti wa Mwalimu wa Ng'iya aliyeambiwa hadithi zake hazimfai Mkristo

Kama umewahi kuwa kiongozi wa CU shuleni, unajua vile watu hukuchunga. Ukicheka sana, unaulizwa. Ukipanda jukwaani kucheza ngoma ya kwenu siku ya tamasha, hakosi mmoja wa kukuvuta pembeni akuulize kama kweli umeokoka. Sasa msikie Grace Emily Akinyi, aliyekutana na swali kama hilo akiwa mtu mzima, tena ofisini kwa wachapishaji.

Akinyi alizaliwa Asembo, kando ya Ziwa Victoria, Mei 1930. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa kati ya watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya kizungu. Aliingia Kanisa la Anglikana na akafundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya, ya wamishonari wa CMS. Nyumbani, baba alimsomea hadithi za Agano la Kale. Lakini kulikuwa na nyanya pia, na nyanya alikuwa na zake: za Waluo, za ziwa na vilivyomo ndani yake. Mtoto akazimeza zote mbili bila kuulizwa achague.

Alisoma Ng'iya, kisha Butere. Ndiyo, Butere hiyo hiyo ambayo wasichana wake walivuma Aprili 2025 kwa sababu ya mchezo wa Echoes of War. Miaka ya 1940, msichana aliyefika huko alikuwa mmoja kati ya wachache mno, na macho ya kanisa na ya kijiji yote yalikuwa kwake. Shule hizo zilitarajia kutoa mwalimu, nesi, au mke wa Kikristo wa kuigwa na wengine. Akinyi akawa nesi. Alifunzwa Uganda kuanzia 1949 hadi 1953, akafanya kazi hospitalini London, kisha akarudi 1958 kuhudumu katika hospitali ya CMS hapo Maseno. Mwaka uliofuata aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot wa Gem. Kufikia hapo, hakuna mmishonari ambaye angelalamika.

Halafu akaanza kuandika.

Alipeleka hadithi zake kwa meneja wa East African Literature Bureau. Meneja akashangaa: inakuwaje mwanamke Mkristo anaandika mambo ya kafara na dawa za kienyeji, badala ya kuandika juu ya wokovu? Ebu fikiria wewe ndiye umeketi mbele ya meza hiyo. Umelelewa na kanisa, umesomeshwa na kanisa, na sasa unaambiwa kwamba hadithi za nyanya yako zinatia doa imani yako.

Moja ya hadithi zake inamhusu Oganda, binti ya chifu. Mvua imekataa kunyesha, na inasemekana lazima msichana huyu apelekwe ziwani akaliwe na dubwana ndipo inyeshe. Anaagwa kwa ngoma na sherehe, eti ni heshima. Ukiniuliza mimi, meneja alikuwa amesahau Biblia yake. Fungua Waamuzi sura ya 11 umsome Yeftha na binti yake, halafu uniambie kama Agano la Kale halina kafara. Msichana aliyekua akisikia hadithi za pande zote mbili hangeshindwa kuona undugu wao.

Hakuzificha. Mwaka 1962 alikuwa Makerere kwenye mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika, na mwaka 1963 hadithi ya Oganda ikachapishwa katika jarida la Black Orpheus. Baadaye ilijulikana kama The Rain Came. Mwaka 1966 ikaja riwaya yake, The Promised Land, kuhusu Ochola na mkewe Nyapol wanaohamia Tanganyika kutafuta mashamba. Ochola anapatwa na ugonjwa wa ajabu. Hospitali inashindwa, na anayempa nafuu ni mganga. Kumbuka aliyeandika hivyo ni nesi wa hospitali ya misheni! Na hata hivyo hakumpa mganga ushindi wa bure, kwa sababu Ochola anapona lakini analazimika kuiacha ile nchi aliyoiita ya ahadi.

Siasa ilikuja baadaye: ubunge wa kuteuliwa 1983, kisha waziri msaidizi 1985. Mimi navutiwa zaidi na alichokuwa akifanya miaka hiyo hiyo, kuandika kwa Dholuo. Miaha ilitoka 1983, halafu kuna Simbi Nyaima, yenye jina la lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Hizo sasa zilikuwa za kusomwa hata na wazee wa Asembo ambao hawakuwahi kukanyaga Butere.

Alifariki Machi 2015. Miaka mitatu kabla yake alikuwa ametoa tawasifu yake, Days of My Life, na iliyoichapisha ni Anyange Press, hapo Kisumu.