Richard Chelimo: Aliyelala bingwa wa Olimpiki, akaamka wa pili

MAJINA ya wanariadha yanapotajwa katika nyanda za Uasin Gishu, kuanzia Ainabkoi hadi mjini Eldoret, ni nadra jina la Richard Chelimo kutangulia. Hutajwa Kipchoge Keino, hutajwa Moses Tanui, kisha mazungumzo huwageukia vijana wa leo. Ilhali marehemu Chelimo aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya mbio za mita 10,000, na dhahabu ya Olimpiki ilimponyoka kwa namna ambayo ingali inazua mjadala.

Alizaliwa Marakwet mnamo Aprili 21, 1972. Mwaka 1990 alitwaa ubingwa wa dunia wa chipukizi katika mita 10,000 jijini Plovdiv, Bulgaria. Mwaka uliofuata, jijini Tokyo, alimaliza wa pili nyuma ya Tanui katika Mashindano ya Dunia, naye Khalid Skah wa Morocco akawa wa tatu.

Skah huyo ndiye aliyemkabili Barcelona, Agosti 3, 1992. Zikiwa zimesalia raundi chache, wawili hao walimpita kwa mzunguko mzima Hammou Boutayeb, raia mwingine wa Morocco. Badala ya kuwapisha, Boutayeb aliandamana nao, mara mbele ya Chelimo, mara ubavuni. Afisa mmoja alijaribu kumshika ili amtoe, asifaulu. Skah alichomoka mwishoni akashinda kwa dakika 27:46.70, Chelimo akafuata kwa 27:47.72, na uwanja mzima ukazomea. Waamuzi walimwondoa Skah, dhahabu ikawa ya Mkenya. Kisha rufaa ya Morocco ikakubaliwa, na uamuzi ukabatilishwa. Kwamba Skah alipanga njama, hilo halikuthibitishwa. Kwamba kijana wa miaka 20 alivurugwa, hilo kila mwenye macho aliliona.

Hakukata tamaa. Julai 5, 1993, jijini Stockholm, alitumia dakika 27:07.91 na kuifuta rekodi ya Arturo Barrios wa Mexico, iliyokuwa imedumu tangu 1989. Tofauti haikufika hata nusu sekunde. Furaha hiyo nayo ilikuwa fupi: siku tano baadaye, jijini Oslo, Mkenya mwenzake Yobes Ondieki alikimbia kwa 26:58.38, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27.

Agosti mwaka huo, jijini Stuttgart, Chelimo alipata shaba nyuma ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia na Tanui. Katika mashindano hayo hayo mdogo wake, Ismael Kirui, alinyakua dhahabu ya mita 5,000. Chelimo hakupanda tena jukwaa la washindi katika mashindano makubwa.

Alifariki Eldoret Agosti 15, 2001, kutokana na uvimbe kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 29. Gebrselassie, aliyekuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja tu, alikuwa tayari na dhahabu mbili za Olimpiki katika mbio hizo hizo.